Esse Akida: Mfumaji aliyeiandikia Kenya bao la kwanza Kombe la Afrika

UKIPITA mtaani Tassia, Embakasi, Jumamosi jioni, huhitaji kuwa na runinga ili kujua matokeo ya Ligi Kuu ya Uingereza. Mayowe hutoka ghorofa moja hadi nyingine, na hata mtoto wa darasa la tatu atakutajia wafumaji wa Arsenal na Manchester United bila kukwama. Mtajie mtoto huyo Esse Mbeyu Akida, na yamkini atakuomba urudie jina hilo.

Si kosa la mtoto. Mwandishi wa makala haya amehariri kurasa za michezo kwa miaka mingi, na anakiri kwamba nafasi ilipopungua usiku, habari ya kwanza kukatwa ilikuwa ya soka ya wanawake. Aya sita zilikuwa aya mbili, na aya mbili zikawa mstari mmoja wa matokeo. Ndiyo sababu rekodi ya mchezaji kama Akida haina budi kuandikwa kwa utaratibu, ijapokuwa kwa kuchelewa.

Akida alizaliwa Novemba 18, 1992. Jina lake la kati, Mbeyu, ni la Wamijikenda wa Pwani, na maana yake ni mbegu. Katika ligi ya nyumbani aliwahi kuvalia jezi za Spedag na Thika Queens, klabu ambayo pamoja na Vihiga Queens imekuwa miongoni mwa ngome kuu za kandanda ya wanawake nchini.

Tarehe inayomtenga na washambuliaji wengine wote wa Kenya ni Novemba 20, 2016. Siku hiyo, mjini Limbe, Cameroon, Harambee Starlets walicheza mechi yao ya kwanza kabisa katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kwa wanawake. Wapinzani wao walikuwa Ghana, taifa lililokuwa limezoea jukwaa hilo tangu miaka ya tisini. Katika kipindi cha kwanza Akida, aliyekuwa ametimiza umri wa miaka 24 siku mbili tu kabla ya mechi hiyo, alitikisa wavu na Kenya wakawa mbele. Ghana walisawazisha, wakaongeza mawili na kushinda 3-1. Lakini bao lilikuwa limekwisha kuingia katika kumbukumbu: la kwanza la Kenya katika fainali hizo.

Safari ya kufika Limbe ilikuwa nyembamba kama uzi. Vijana hao wa kocha David Ouma walitoka sare ya 2-2 na Algeria ugenini, kisha 1-1 nyumbani mnamo Aprili 2016, wakafuzu kwa sheria ya mabao ya ugenini. Septemba mwaka huo walifika fainali ya Cecafa mjini Jinja, Uganda, wakalazwa 2-1 na Tanzania. Huko Cameroon, baada ya Ghana walipigwa 3-1 na Mali, halafu 4-0 na Nigeria. Walirejea bila pointi, wakiwa wamefunga mara mbili na kufungwa mara kumi.

Inafaa kukumbuka yaliyowapata walioshinda. Nigeria waliwachapa wenyeji Cameroon 1-0 kwenye fainali na kutwaa kombe. Waliporudi nyumbani, mabingwa hao wa Afrika waligoma kuondoka katika hoteli mjini Abuja hadi walipwe marupurupu yao, na wakaandamana hadi bungeni. Ikiwa hayo yalimpata bingwa, msomaji anaweza kukadiria hali ya aliyemaliza wa mwisho kundini.

Akida alifanya alichofanya kila Mkenya aliyetaka kuishi kwa miguu yake: alitafuta soka ya kulipwa ng'ambo. Mwaka wa 2018 alijiunga na Ramat HaSharon ya Israel. Baadaye alihamia Besiktas ya Istanbul, Uturuki, kwa msimu wa 2020-21, ambao kwa sababu ya janga la korona ulifupishwa na kuchezwa kama mashindano mjini Antalya. Besiktas ndio waliotawazwa mabingwa. Kutoka hapo Akida alielekea Ugiriki, katika klabu ya PAOK ya Thessaloniki.

Hakuwa wa kwanza kuvuka bahari. Njia ilifunguliwa na Doreen Nabwire, kiungo aliyelelewa na MYSA, chama cha vijana kilichoanzishwa Mathare mwaka wa 1987 na kuanza kuwachezesha wasichana mwaka wa 1992. Nabwire alisajiliwa na Werder Bremen ya Ujerumani, kisha FC Zwolle ya Uholanzi na FC Köln. Ni chama hicho hicho ambacho kwa miaka mingi kilipeleka timu zake Oslo kushiriki Norway Cup, mashindano makubwa ya vijana. Kwa watoto wengi wa Eastlands, Norway ilijulikana kama nchi ya kuchezea mpira kabla ya kujulikana kama nchi ya baridi.

Na ni Norway inayotupa kipimo cha kumlinganisha Akida. Ada Hegerberg, aliyezaliwa Julai 1995, ndiye mwanamke wa kwanza kutuzwa Ballon d'Or, Desemba 2018. Alipopokea tuzo hiyo alikuwa ameshaipa kisogo timu yake ya taifa. Aliondoka baada ya Euro 2017, ambako Norway walipoteza mechi zote tatu bila kufunga bao, akilalamika kwamba soka ya wanawake haikuheshimiwa. Miezi michache baadaye, Oktoba 2017, shirikisho la Norway liliafikiana na wachezaji kwamba timu za wanaume na wanawake zitalipwa sawa, wanaume wakikubali kuachilia sehemu ya mapato yao. Hata hivyo, Hegerberg hakurudi upesi. Alikosa Kombe la Dunia la 2019, akarejea Aprili 2022 na kufunga mabao matatu dhidi ya Kosovo.

Miaka hiyo mitano Hegerberg alijitenga kwa hiari yake, huku akiendelea kulipwa na Lyon na kushinda mataji ya Ulaya. Kwa Akida na wenzake mambo yalikuwa kinyume. Wao walitaka kucheza, lakini mara kwa mara timu yenyewe ndiyo iliyokosekana.

Mfano ni mwaka wa 2018. Starlets waliwashinda Equatorial Guinea 2-1 Machakos, wakafungwa 2-0 Malabo na kuaga mchujo wa Kombe la Afrika. Kisha wapinzani wao wakapatikana na hatia ya kuchezesha mchezaji asiyestahili, na nafasi ikakabidhiwa Kenya. Kambi ikafunguliwa. Rufaa ikakatwa, Equatorial Guinea wakarudishwa, na mahakama ya michezo ikatupilia mbali kesi ya Kenya. Wasichana waliokwisha kupanga mizigo wakaifungua. Equatorial Guinea walikwenda Ghana na kufungwa mabao 18 katika mechi tatu.

Mwaka uliofuata uliuma zaidi, kwa maoni yangu. Katika mchujo wa Olimpiki ya Tokyo, Starlets waliwang'oa Malawi, halafu Ghana wale wale wa Limbe, kwa bao 1-0 baada ya muda wa ziada uwanjani Kasarani. Novemba 2019 walitoka sare ya 2-2 na Zambia Machakos, wakapoteza 1-0 Lusaka. Bao moja tu. Zambia waliendelea, wakawaondoa Cameroon na kufika Tokyo, ambako mshambuliaji wao Barbra Banda alifunga mabao matatu katika mechi moja, kisha matatu mengine katika mechi iliyofuata. Mnamo 2024 klabu ya Orlando Pride ya Marekani ilimnunua Banda kwa takriban dola 740,000. Sisemi kwamba Mkenya angefika hapo kwa kucheza Tokyo. Nasema wanunuzi hutazama Olimpiki, hawatazami Machakos.

Faraja ilipatikana mwezi huo huo jijini Dar es Salaam, Kenya ilipowalaza Tanzania 2-0 katika fainali ya Cecafa. Mabao yote mawili yalifungwa na Jentrix Shikangwa, mshambuliaji wa kizazi kilichomfuata Akida, ambaye pia aliisaidia Vihiga Queens kutwaa taji la kwanza la klabu za ukanda huu mwaka wa 2021 kabla ya kucheza Uturuki na katika klabu ya Simba Queens, Tanzania.

Halafu giza. Oktoba 2021 Starlets waliicharaza Sudan Kusini kwa jumla ya mabao 15-1. Novemba serikali ikalivunja Shirikisho la Soka la Kenya, na mwanzoni mwa 2022 mechi dhidi ya Uganda haikuchezwa. Uganda wakasonga mbele. Fifa iliifungia Kenya Februari na kuifungulia mwishoni mwa Novemba 2022. Kwa mfumaji aliyekuwa ameingia umri wa miaka 29, mwaka mzima bila mechi ya kimataifa si jambo dogo.

Majirani hawakusubiri. Aisha Masaka wa Tanzania alijiunga na BK Häcken ya Uswidi mwaka wa 2022, akaenda Brighton ya Uingereza mwaka wa 2024. Clara Luvanga, Mtanzania mwenzake, alielekea Al Nassr ya Saudi Arabia.

Starlets waliwatoa Cameroon kwa mikwaju ya penalti Nyayo mwaka wa 2023, kisha wakakwama mbele ya Botswana. Wadogo zao wa chini ya miaka 17 wakawatangulia: Oktoba 2024, katika Jamhuri ya Dominika, walikuwa timu ya kwanza ya Kenya ya kandanda kushiriki Kombe la Dunia la Fifa, na wakawapiga Mexico 2-1. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 2025, Starlets wakubwa waliwafunga Gambia 3-1 Nairobi na 1-0 katika marudiano, wakajikatia tiketi ya fainali za Afrika za 2026. Ilikuwa mara yao ya kwanza kufuzu uwanjani tangu kile kikosi cha Limbe, ambacho mfungaji wake wa kwanza alikuwa Esse Mbeyu Akida.