Msimu wa Saa 24

Tarehe 2 Machi 1923, mjini Washington, waziri mmoja wa Kanada aitwaye Ernest Lapointe alitia saini mkataba kuhusu samaki. Upande wa Marekani alisaini Charles Evans Hughes, Waziri wa Mambo ya Nje. Balozi wa Uingereza, Sir Auckland Geddes, alitaka kuweka saini yake pia, maana mpaka siku ile mikataba ya Kanada na nchi za nje ilikuwa ikipitia mikononi mwa Waingereza. Waziri Mkuu wa Kanada, Mackenzie King, akakataa. Jambo lilihusu Kanada na Marekani tu. London ilikuwa inatafuta nini hapo? Ndiyo maana mkataba ule unakumbukwa kuwa wa kwanza ambao Kanada iliusaini peke yake.

Mimi ni mwandishi wa habari, na niliingia kwenye habari hii kwa sababu ya siasa hizo za saini. Lakini kadiri nilivyosoma, samaki mwenyewe akanivutia kuliko mawaziri. Historia yake inajibu swali ambalo huwa tunaliuliza nusu nusu. Tunauliza: tuvue kiasi gani? Tunasahau kuuliza: nani avue?

Samaki huyo ni halibati wa Pasifiki. Ni samaki bapa, wa sura ya gayogayo wetu, ila ukubwa wake ni habari nyingine kabisa: jike aliyekomaa anaweza kuzidi kilo 200 na kuishi zaidi ya miaka 50. Jina lake limetoka kwenye Kiingereza cha zamani, likiunganisha neno la "takatifu" na neno la samaki bapa, kwa kuwa aliliwa siku za ibada. Jina la kisayansi, Hippoglossus, maana yake ni ulimi wa farasi. Jambo la kushika hapa ni kwamba anakua polepole. Majike wengi hawaanzi kutaga mpaka wafike umri wa miaka 12 hivi. Ukimvua kupita kiasi leo, hasara utaiona baada ya miaka mingi, na kuirudisha kunachukua miaka mingi vilevile.

Watu wa pwani ile walikuwa na vipimo vyao kabla ya mkataba wowote. Watlingit na Wahaida walichonga ndoana za mbao zenye umbo la V, mara nyingi zikiwa na sura ya mnyama au kiumbe wa hadithi zao. Uzuri wake haukuwa wa kutazamwa tu. Samaki mdogo mno hakuweza kuiingiza ndoana mdomoni, na mkubwa mno naye ilimshinda. Kwa hiyo waliopatikana wengi walikuwa wa wastani, na majike makubwa yenye mayai mengi yalibaki baharini. Yaani kikomo cha uvuvi kilikuwa kimechongwa ndani ya chombo chenyewe.

Mambo yalibadilika reli ilipofika. Kuanzia mwaka 1888, halibati wa Pasifiki walipakiwa kwenye barafu na kusafirishwa kwa treni hadi Boston, upande wa pili wa bara. Soko likafunguka, meli za mvuke zikafuata. Mishipi mirefu yenye mamia ya ndoana ikalazwa sakafuni mwa bahari. Mwanasayansi William F. Thompson, mkurugenzi wa kwanza wa tume iliyoundwa na mkataba wa 1923, alipokagua kumbukumbu za manahodha alikuta picha ya kutisha: katika maeneo ya zamani ya uvuvi, mshipi wa kipimo kimoja uliokuwa ukileta karibu pauni 300 mwaka 1906 ulileta chini ya pauni 50 mwaka 1926.

Dawa ya kwanza ilikuwa kufunga uvuvi miezi 3 ya baridi, kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Februari. Msomaji aliyefuatilia Ziwa Tanganyika likifungwa kwa miezi 3 mwaka 2024 atalitambua wazo hili mara moja. Tatizo ni kwamba miezi 9 iliyobaki boti zilivua kwa nguvu zaidi. Mkataba mpya wa 1930 ukaipa tume mamlaka ya kuigawa bahari katika maeneo na kuweka kikomo cha mavuno kwa kila eneo. Vikomo vya kwanza vilianza mwaka 1932. Utaratibu ulikuwa rahisi kueleza: samaki wanaopakuliwa wanajumlishwa, na kikomo kikifika, eneo linafungwa kwa wote.

Samaki wakaanza kuongezeka. Wanasayansi walibishana, na bado ni ubishi mtamu kuusoma: Thompson aliona ni kazi ya kanuni, Martin Burkenroad akajibu kwamba huenda bahari yenyewe ilikuwa inapanda na kushuka kama ilivyozoea. Lakini wakati wataalamu wanabishana juu ya samaki, wavuvi walikuwa wamegundua jambo jingine kuhusu kanuni ile. Kikomo kilikuwa cha wote kwa pamoja, kwa hiyo samaki hakuwa wa mtu mpaka aingie kwenye boti yake. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Anayewahi ndiye anayepata.

Basi kila mtu akawahi. Boti kubwa zaidi, injini kali zaidi, ndoana nyingi zaidi, wavuvi wapya kila mwaka. Kikomo kikawa kinajaa haraka, na tume ikawa haina la kufanya ila kufupisha msimu. Huko British Columbia msimu uliokuwa siku 65 mwaka 1980 ulishuka hadi siku 6 mwaka 1990. Alaska ilikuwa mbaya zaidi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990, maeneo makuu yalikuwa yakifunguliwa siku 2 au 3 tu kwa mwaka mzima, kwa awamu za saa 24 au 48.

Hebu fikiria saa 24 hizo. Tarehe imetangazwa mapema, na dhoruba haisomi kalenda. Ukibaki bandarini, kipato chako cha halibati kwa msimu huo kimekwenda. Ukitoka, unafanya kazi usiku kucha bila kulala, sitaha imejaa samaki, boti imelemewa. Kuna boti zilizozama na watu waliokufa. Muda ukiisha kabla hujavuta mishipi yote, wengine waliikata na kuiacha, ikaendelea kuua samaki wasio na wa kuwala. Nchi kavu, mzigo wa mwaka mzima ulimwagika kwa wakati mmoja, bei ikaanguka, na wengi wa samaki wakaishia kwenye majokofu.

Na hapa ndipo panaponisimamisha. Kwa hesabu za samaki, kikomo kilikuwa kikifanya kazi yake. Kilichokuwa kinawaumiza watu ni swali lililoachwa wazi, la nani avue, na kwa kuwa hakuna aliyelijibu, saa ya ukutani ikalijibu.

Kanada ilibadilisha utaratibu mwaka 1991, Alaska ikafuata mwaka 1995. Kila mwenye haki alipewa asilimia yake ya kikomo, avue siku anayotaka ndani ya msimu wa takriban miezi 8. Mbio zikaisha. Mvuvi akaweza kutazama mawingu na kusema, leo sitoki. Samaki wabichi wakarudi sokoni, bei ikapanda.

Lakini tazama nani alipewa. Alaska iligawa kwa kuangalia waliomiliki au kukodi boti zilizopakua samaki kati ya 1988 na 1990. Baharia aliyekuwa akivuta mishipi miaka 20 kwenye boti ya mwingine hakupata kitu. Migao iliruhusiwa kuuzwa, na katika vijiji vidogo vya pwani, vikiwemo vya wenyeji wa asili, wengi waliuza walipobanwa na shida. Haki ya kuvua ikahama kijiji, na ilipokwisha kuhama, kuirudisha kulihitaji fedha ambazo kijiji hakina. Mwaka 2004 sheria iliruhusu jumuiya hizo kununua migao kwa pamoja, lakini kufikia hapo bei ilikuwa imeshapanda sana.

Tume bado inakutana kila mwaka kupanga vikomo, na takwimu zake ni miongoni mwa zile za muda mrefu zaidi katika historia ya uvuvi. Kijana wa Alaska anayetaka kuanza kuvua halibati leo, mara nyingi huanza kwa kukopa fedha anunue haki ya kuvua, kisha ndipo atafute boti. Anakwenda baharini kwa usalama kuliko waliomtangulia, kwenye maji ambayo babu yake aliyavua bure.