Jeshi la Wazee: Kicheko na Ukweli Wake

Ewe msomaji, ukiambiwa kwamba katika mwaka wa 1941 serikali ya Uingereza iliagiza mikuki 250,000 ili raia wake wapigane na Wajerumani wenye vifaru na ndege, yamkini utadhani ni hadithi ya kuchekesha. Walakini habari hiyo ni ya kweli. Mikuki ile ilikuwa mipini ya bomba la chuma iliyotiwa singe kuukuu nchani. Waliokusudiwa kuitumia waliona wamefanyiwa dhihaka, na mingi ilibaki ghalani.

Natuwatazame watu hao. Tarehe 10 Mei 1940 majeshi ya Hitler yaliingia Uholanzi na Ubelgiji, yakielekea Ufaransa. Askari wa miavuli walishuka Uholanzi kutoka angani, na Waingereza wakaingiwa na hofu kwamba zamu yao i karibu. Siku 4 baadaye Anthony Eden, Waziri wa Vita, alisema katika redio akiwaita wanaume wa umri wa miaka 17 hadi 65 wajiandikishe kulinda miji na vijiji vyao baada ya saa za kazi. Hawakuahidiwa mshahara. Katika siku chache tu walijiandikisha watu wapatao 250,000, na kabla ya majira ya joto kwisha walikuwa wamezidi milioni moja. Mwanzoni wengi hawakuwa na sare, ila kitambaa walichofunga mkononi. Na silaha zao zilikuwa bunduki za kuwindia ndege, au rungu. Mwezi wa Julai Churchill aliwapa jina la Home Guard.

Jina hilo lisikuchanganye wewe msomaji wa Kenya. Wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952, walinzi wa vijiji walioisaidia serikali ya kikoloni dhidi ya Mau Mau waliitwa kwa jina hilohilo, nalo limeacha uchungu katika nyumba nyingi. Jina ni moja, lakini mambo ni mawili mbalimbali. Wale wa Uingereza walikuwa wakingojea adui wa kutoka ng'ambo ya bahari.

Miaka 20 na zaidi ikapita. Ndipo Jimmy Perry, ambaye ujanani mwake alikuwa mmoja wa walinzi hao, alipoungana na David Croft kutunga mchezo wa televisheni ulioitwa Dad's Army, yaani Jeshi la Baba. BBC iliuonyesha tangu Julai 1968 hata Novemba 1977, vipindi 80 kwa jumla. Kwanza baadhi ya wakubwa wa BBC waliona wasiwasi, wasije wakaonekana wanazicheka siku za dhiki ya taifa. Watazamaji, na wengi wao walizikumbuka siku zile, waliupenda mno.

Mchezo wenyewe ni wa mji wa kubuni ulio pwani ya kusini. Kapteni Mainwaring, meneja wa benki, ni mtu mfupi mwenye majivuno. Sajini Wilson ni karani wake, lakini amezaliwa katika ukoo bora kuliko wa mkubwa wake, na jambo hilo lamwasha Kapteni kama upupu. Koplo Jones, mwuza nyama mzee aliyepigana Sudan mwaka 1898, huwakataza wenzake wasibabaike, hali yeye ndiye anayebabaika kuliko wote. Kicheko chatoka wapi? Chatoka katika umbali uliopo kati ya vita wanavyovitaka na nguvu walizo nazo. Lakini tazama vema: watu hawa huchekesha kwa kila jambo, ila hawakimbii.

Hata hivyo, mwanafunzi wa historia asiuchukue mchezo kuwa ndiyo historia. Si kweli kwamba walinzi wale walikuwa wazee watupu. Wengi walikuwa vijana waliokuwa wakingoja kuitwa jeshini, au wafanyakazi wa migodi, viwanda na reli ambao kazi zao zilihitajiwa. Maelfu yao walihudumia mizinga ya kutungulia ndege. Wajerumani hawakuja, na mwezi wa Desemba 1944 walinzi wakapumzishwa. Walakini zaidi ya 1,200 walikuwa wamepoteza maisha katika kazi ile.

Mmoja wao alikuwa Luteni William Foster, mzee aliyepita miaka 60. Mwezi wa Septemba 1942, karibu na mji wa Salisbury, alikuwa akiwafundisha watu kutupa mabomu ya mkono. Bomu moja liligonga ukingo wa handaki likarudi ndani walimokuwa. Mzee yule akajitupa juu yake. Yeye alikufa, wenzake wakapona. Baada ya kufa kwake alitunukiwa nishani ya George Cross.

Je, mchezo ule ulilisahau jambo hilo? La. Katika kipindi kimoja yupo mzee Godfrey, mpole na dhaifu, anayekiri kwamba katika vita vya kwanza alikataa kuua mtu. Wenzake wanamtenga kama mwoga. Baadaye wanagundua kwamba alikwenda vitani bila silaha, akawaokoa majeruhi chini ya mvua ya risasi, akapewa nishani asiyoitaja. Na aliyemwigiza, Arnold Ridley, alikuwa amejeruhiwa vibaya kwa kweli katika vita vya Somme mwaka 1916.

Kwa hiyo, msomaji, usikione kicheko kuwa ni adui wa ukweli. Waingereza waliwacheka walinzi wao kama mtoto amchekavyo babu anayempenda. Lakini kicheko hakikwambii yote. Ucheke kwanza, kisha utafute habari za yule unayemcheka. Yamkini ndiye Foster.