Katuni Iliyofumuliwa

Mapema mwaka 2006, mwongozaji Stephen Anderson aliwaonyesha wakubwa wake wapya wa Disney, huko Burbank, California, filamu ya katuni aliyokuwa ameihangaikia kwa muda mrefu. Ilihusu Lewis, mtoto wa kituo cha yatima mwenye kipaji cha kubuni mashine, anayechukuliwa na chombo cha kusafiria katika wakati hadi siku zijazo, kwenye nyumba ya familia yenye vituko, akina Robinson. Januari ya mwaka huo Disney ilikuwa imetangaza kwamba inainunua Pixar kwa dola bilioni 7.4, na John Lasseter, aliyeongoza Toy Story, akapewa usimamizi wa ubunifu wa katuni zote. Alitazama, kisha akasema lililomkera: adui wa hadithi hii hatishi.

Miezi kumi baadaye, karibu asilimia 60 ya filamu ilikuwa imetupwa na kutengenezwa upya.

Ili kuuelewa uzito wa jambo hilo, ikumbukwe kwamba sekunde moja tu ya filamu hubeba picha 24, na katika katuni hakuna picha inayopatikana kwa bahati. Kila jani, kila kivuli na kila mkunjo wa nguo umefanyiwa kazi na mtu. Kufumua zaidi ya nusu ya filamu ya namna hiyo ni kuifuta kazi ya mamia ya mafundi. Hata hivyo Anderson na wenzake walikubali, na filamu hiyo, Meet the Robinsons, iliyotegemea kitabu cha watoto cha William Joyce cha mwaka 1990, ikasogezwa kutoka 2006 hadi Machi 2007.

Desturi ya kuionyesha filamu kabla haijakamilika, ili isikie maneno makali mapema, haikuanza na Lasseter. Katika miaka ya 1920, enzi za sinema bila sauti, mchekeshaji Harold Lloyd alizipeleka filamu zake kwa watu wa kawaida na kusikiliza walicheka wapi na walinyamaza wapi, kisha akarudi kukata na kupiga picha upya. Irving Thalberg wa MGM aliifanya iwe utaratibu wa studio nzima. Jioni yeye na maofisa wake walisafiri hadi kumbi za miji ya pembeni ya Los Angeles, wakaketi kati ya watazamaji wasiojua wanaletewa nini, na mlangoni watu walipewa kadi za kuandika maoni. Matukio yaliyopigwa upya baada ya safari hizo yalikuwa mengi kiasi kwamba watu wa sinema waliibandika MGM jina la bonde la marudio.

Kadi hizo ziliokoa filamu nyingi, lakini pia zilikaribia kuua vitu vizuri. Mwaka 1939, baada ya onyesho la majaribio la The Wizard of Oz, wakubwa wa studio waliona sehemu ya mwanzo inajikokota, na wimbo wa Judy Garland kuhusu nchi iliyo ng'ambo ya upinde wa mvua ukaondolewa. Waliouamini walipigania ukarudishwa, na wimbo huohuo ukatwaa tuzo ya Oscar.

Walt Disney naye alionja joto hilo. Desemba 1937 aliijaribu Snow White and the Seven Dwarfs huko Pomona, mashariki ya Los Angeles, na kabla filamu haijaisha sehemu ya watazamaji wakainuka na kutoka. Wachoraji waliokuwepo walidhani kazi yao imekufa, kumbe wale walikuwa wanafunzi wa chuo waliowahi muda wa kufungwa kwa mabweni. Katika miaka ya 1940 kampuni yake ilimtumia hata George Gallup, mtaalamu wa kura za maoni, ambaye taasisi yake iliwapa watazamaji vidude vya kuzungusha kwa mkono ili waonyeshe, tukio kwa tukio, wanapendezwa kiasi gani.

Ugumu wa kazi hii huzidi pale mtazamaji anapokuwa mtoto. Mtoto hajazi kadi vizuri wala hafafanui kilichomchosha. Husema kwa mwili: hugeuka nyuma, huomba kwenda haja, humkumbatia mama, au hukimbia. Ndivyo walivyofanya watoto walioonyeshwa The Black Cauldron kabla haijatoka. Jeshi la wafu lilipoanza kuinuka kutoka kwenye chungu kikubwa cha kichawi, wengi walitoka ukumbini na wazazi wao. Jeffrey Katzenberg, aliyekuwa ndio kwanza ameingia Disney mwaka 1984, aliamuru sehemu zikatwe, na mwishowe zikaondolewa kama dakika 12. Filamu iliyogharimu dola milioni 44 ilipotoka Julai 1985, iliingiza kama milioni 21 tu Marekani. Makasi yaliondoa kilichowatisha watoto, lakini hayakuweka kitu cha kuwavutia.

Miaka minne baadaye Katzenberg alikaribia kulirudia kosa hilo kwa njia nyingine. Katika onyesho la majaribio la The Little Mermaid, nguva Ariel alipoanza kuimba hamu yake ya kuishi nchi kavu, watoto walianza kuhangaika vitini. Katzenberg akataka wimbo uondolewe. Mtunzi wa maneno yake, Howard Ashman, alikataa katakata, na mchoraji Glen Keane pamoja na waongozaji Ron Clements na John Musker wakamsihi asubiri. Sababu yao ilikuwa ya kifundi: sehemu kubwa ya tukio lile ilikuwa bado michoro ya penseli isiyo na rangi. Lilipoonyeshwa tena likiwa limesogea zaidi, watoto walitulia. Hangaiko la watoto lilikuwa la kweli kabisa. Kilichokosewa ni maana aliyoipa mkubwa aliyekuwa akiwatazama.

Hapo ndipo maoni ya Lasseter yanapostahili sifa. Hakusema tu "kateni", bali alitaja ugonjwa, akawaachia wenyewe kazi ya kutafuta dawa. Anderson na wenzake wakamjenga upya adui, yule mtu mrefu mwembamba mwenye kofia ya duara, wakampa mshirika mpya, wakaubadilisha mwisho, na wakaongeza tukio la dinosauri anayewakimbiza watoto bustanini. Katika tukio hilo dinosauri huyo anakwama kwenye kona, akilalamika kwa bwana wake kwamba kichwa chake ni kikubwa na mikono yake mifupi. Waliokuwa watoto mwaka 2007 wanalinukuu lalamiko hilo mpaka leo. Kipande ambacho hakikuwemo kabisa katika toleo la kwanza ndicho kinachokumbukwa zaidi.

Umma wenyewe uliipokea filamu hiyo kwa nusu moyo. Wiki ya kwanza ilishika nafasi ya pili nyuma ya Blades of Glory, na duniani kote ikakusanya kama dola milioni 169 dhidi ya gharama ya milioni 150. Lawama iliyorudiwa zaidi ilihusu katikati ya hadithi: ndugu wa familia ya Robinson ni wengi mno, wanapita mbio, na mtazamaji hawezi kumshika hata mmoja. Lawama hiyo ni ya haki.

Lakini sehemu ya mwisho ni jambo jingine. Lewis anapata nafasi ya kurudi usiku ule mama yake alipomwacha mlangoni pa kituo cha yatima. Yuko hatua chache tu nyuma yake, angeweza kumgusa bega, naye anamwacha aende. Wapo waliolelewa na wazazi wa kuasili wanaoona hapo wamesemewa, na wapo wanaoona kiu ya mtoto kumjua mzazi wake imefungwa haraka mno. Anderson mwenyewe alilelewa na wazazi wa kuasili, na tukio lile halina dalili ya kuandikwa na mtu anayebahatisha. Hakuna filamu nyingine ya Disney ya muongo ule iliyomwamini mtoto kwa jambo zito kiasi hicho, na kwa sababu hiyo inastahili nafasi ya juu kuliko ile iliyopewa na mauzo ya tiketi. Aliyeitazama akiwa mdogo na airudie sasa, akiwa na mtoto kando yake, na amwache mtoto huyo aseme la kwake kwanza.