Uteuzi wa vidhibiti kwa mstatili

Uteuzi wa vidhibiti kwa mstatili ni mbinu ya kuteua kwa mkupuo vitufe, visanduku vya maandishi na vidhibiti vingine vya skrini. Mtumiaji hubonyeza kipanya mahali patupu na kukiburuta, na mstatili hutanuka kufuata kishale. Akiachia, programu hukagua ni vidhibiti gani vimeingia. Mbinu hii hutumika sana katika zana za kubunia fomu, kama vile Visual Studio na Qt Designer.

Historia

Mwaka 1963 Ivan Sutherland wa MIT alieleza Sketchpad, programu ambayo mistari yake ilivutika kufuata kalamu ya mwanga. Katika MacPaint ya Bill Atkinson, iliyotolewa na Apple mwaka 1984, ukingo wa mstatili wa uteuzi ulikuwa wa vistari vinavyotembea mithili ya msafara wa siafu.

Ukokotoaji

Kwa kuwa kipanya huweza kuburutwa upande wowote, nukta ya kuanzia si lazima iwe pembe ya juu kushoto. Programu huchukua x ndogo na y ndogo kati ya nukta mbili, kwani kwenye skrini y huongezeka kwenda chini. Aliyeanza (200, 150) na kuishia (80, 40) amechora mstatili wenye pembe (80, 40), upana 120 na kimo 110.

Kisha hufuata kanuni moja kati ya mbili: kidhibiti kiwe ndani kizima, au kiguswe tu. Katika Windows Forms, Contains hutumika kwa kanuni ya kwanza na IntersectsWith kwa ya pili. AutoCAD hutumia zote: kuburuta kutoka kushoto kwenda kulia huteua vitu vilivyomo vizima, na kinyume chake huteua hata vilivyoguswa.

Vidhibiti vilivyo ndani ya vingine

Nafasi ya kidhibiti huhesabiwa kutoka kwenye kidhibiti mzazi. Kitufe kilichopo (10, 10) ndani ya paneli isiyo na mpaka iliyowekwa (300, 200) kipo (310, 210) kwenye fomu. Asiyegeuza vipimo hivyo kwanza, kwa mfano kwa RectangleToScreen ya Windows Forms, atateua kitufe kisichohusika.

Katika Qt, QRubberBand huchora mstatili tu, na ukaguzi humwachia mwanaprogramu. QGraphicsView ikiwekwa hali ya RubberBandDrag hufanya yote mawili.