Namna ya kuboresha gari la spoti bila kupoteza dhamana

WAMILIKI wengi wa magari ya spoti huanza kufikiria mabadiliko mara tu wanapokabidhiwa funguo. Kipindi hicho ndicho ambacho gari lingali chini ya dhamana ya mtengenezaji, na uamuzi usio wa busara waweza kumgharimu mwenye gari bei ya injini nzima.

Mfano mzuri ni Toyota GR86, iliyotolewa mwaka 2021 ikiwa na injini ya lita 2.4 na nguvu za farasi 228. Nchini Marekani, dhamana yake ya jumla ni miaka mitatu au maili 36,000, na ile ya injini na gia ni miaka mitano au maili 60,000, kutegemea kipi kitatangulia.

Huko Marekani, Sheria ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975 inamlinda mnunuzi. Dhamana haiwezi kufutwa kwa sababu tu kwamba gari limefungwa kifaa cha kampuni nyingine. Anayekataa dai hana budi kuonyesha kuwa kifaa hicho ndicho kilicholeta hitilafu.

Kwa hiyo, swali la kwanza kwa kila kifaa ni hili: kikiharibika, kitaharibu nini kingine?

Kwa kigezo hicho, tairi ndizo za kuanza nazo. GR86 ya daraja la chini hutoka kiwandani na tairi za inchi 17 aina ya Michelin Primacy HP, ambazo si za mbio. Tairi bora za spoti za vipimo vilevile hushika barabara zaidi kwenye kona na wakati wa kufunga breki, wala haziigusi injini. Zingatia vipimo na uwezo wa kubeba uzito vilivyoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva.

Zifuatie breki. Mafuta mapya ya DOT 3 huchemka kuanzia nyuzi joto 205 za Selsiasi, na ya DOT 4 kuanzia 230. Yakishanyonya unyevu, viwango hivyo vyaweza kushuka hadi 140 na 155. Yakichemka, mvuke huingia kwenye mabomba na pedali huzama bila gari kusimama. Aidha, epuka pedi za mashindano kwa matumizi ya mjini, kwani nyingi hazishiki vizuri zikiwa baridi.

Springi fupi na shokomzoba ngumu huja baadaye. Shokomzoba ikivuja, dai la sehemu hiyo laweza kukataliwa, lakini injini hubaki salama. Hifadhi vifaa vya awali.

Kwa upande wa eksosi, kubadili sehemu ya nyuma huongeza sauti kuliko nguvu. Kuondoa kifaa cha kusafisha moshi ni kosa kwa mujibu wa sheria ya hewa safi ya Marekani.

Jambo la kuachwa hadi dhamana iishe ni kubadili programu ya kompyuta ya injini, hasa kwa injini zenye tabo. Shinikizo likiongezwa, joto na mzigo juu ya pistoni huongezeka. Isitoshe, kurudisha programu ya awali hakufuti alama zote. Kwa magari ya Volkswagen na Audi, wakala akigundua mabadiliko hayo huweka alama ya TD1 katika kumbukumbu za gari, na madai ya injini na gia huweza kukataliwa.

Katika Kenya na Tanzania, ambako magari mengi huingia yakiwa yamekwisha kutumika Japani, mnunuzi mara nyingi hana dhamana ya mtengenezaji. Hata hivyo mpangilio haubadiliki, kwani gharama ya injini itamwangukia mwenyewe.

Kabla ya kufunga chochote, soma kitabu cha dhamana, pata jibu la wakala kwa maandishi na utunze risiti za matengenezo yote.