Jumba la cherehani



Bibi yangu alikuwa na cherehani ya mkono, nyeusi, imeandikwa Singer kwa rangi ya dhahabu. Kwenye hiyo ndiyo niliyojifunzia kupiga mshono ulionyooka, kabla hata sijaingia darasa la ushoni. Leo nawapa habari za jumba lililojengwa kwa fedha za cherehani hizo.

Lilikuwa New York, Marekani, katika mtaa wa Broadway. Kampuni ya Singer, iliyoanza mwaka 1851, ilimpa kazi msanifu Ernest Flagg, na jumba likamalizika mwaka 1908. Lilikuwa na urefu wa mita 187, hakuna jengo la ofisi lililolipita duniani, mpaka mwaka 1909 mnara wa Metropolitan Life ulipolishinda papo hapo mjini. Ukumbi wa chini ulikuwa na nguzo za marumaru, na mapambo ya shaba yenye sura ya sindano, uzi na bobini.

Fedha zilitoka wapi? Nyingi kwa wanawake kama sisi. Singer walikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuuza kwa kulipwa kidogo kidogo: mama anachukua cherehani, anashona, na kila mwezi anapeleka chochote.

Ila mnara ule ulikuwa mwembamba, upana wake kama mita 20 tu. Makampuni ya baadaye yakataka ofisi pana. Ni kama gauni lililokatwa bila kuachiwa pindo, mwili ukinenepa haliongezeki. Singer wenyewe wakahama mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1965 mji uliunda tume ya kulinda majengo ya kale, lakini jumba hili halikuingizwa kwenye orodha. Kufika mwaka 1969 lilikuwa limekwisha kubomolewa, na mpaka wakati huo hakuna mwenye jengo aliyewahi kubomoa refu kama lile. Pale pakasimama One Liberty Plaza.

Juzi bi harusi mmoja kaniuliza afanye nini na mahari yake, mashoga zake wanamtaka aongeze pambo la ukumbi. Nikamwambia, mwanangu, mahari ni haki yako, uamuzi ni wako. Lakini jumba la marumaru limekwenda, na cherehani ya bibi mpaka leo inashona.