Wiski ya moshi: Anayeanza achague ipi?

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

MTU anayekaribia soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, huitambua harufu ya samaki waliokaushwa kwa moshi kabla hajawaona. Harufu ya jamaa hiyo ndiyo humshtua anayefungua kwa mara ya kwanza chupa ya wiski ya moshi kutoka Scotland. Wengi hukunja uso, huiweka kando na kuzijutia fedha zao. Mara nyingi kosa si la kinywaji, bali ni la kuanzia mahali pasipofaa.

Kwanza, majina yasichanganywe. Katika sheria za Tanzania neno “moshi” ni jina la gongo, pombe iliyotungiwa Sheria Na. 62 ya mwaka 1966, ambayo inamwadhibu anayeitengeneza au kukutwa nayo bila kibali. Wiski inayozungumzwa hapa ni kitu kingine, na moshi wake ni wa kweli.

Moshi unatoka wapi?

Wiski ya kimea, ambayo chupa yake huandikwa “single malt”, hutokana na kimea cha shayiri, maji na hamira, na hutengenezwa katika kiwanda kimoja tu. Kwa sheria za Scotland ni lazima ilale katika mapipa ya mti wa mwaloni kwa muda usiopungua miaka 3, na iwe na kilevi kisichopungua asilimia 40. Bia nyingi za hapa nchini zina takriban asilimia 5.

Shayiri hulowekwa ikachipua, kama ufanyavyo ulezi wa pombe za kienyeji, kisha hukaushwa kwa joto. Katika visiwa visivyokuwa na kuni za kutosha, watu walitumia piti, yaani udongo mweusi wa majani na mizizi iliyooza majini kwa maelfu ya miaka. Majirani zetu wa Rwanda na Burundi nao huuchimba udongo wa aina hiyo mabondeni na kuutumia kama nishati. Moshi wake huacha ndani ya kimea kemikali ziitwazo fenoli. Fenoli zimo pia katika moshi wa kuni, na ndizo zinazochangia ladha ya sangara aliyekaushwa na kumfanya asiharibike upesi.

Hivyo mkazi wa kando ya Ziwa Victoria ana pua iliyokwisha kuzoea nusu ya safari. Nusu iliyobaki ni ile harufu inayofanana na dawa ya kusafishia vidonda, ambayo hutokana na piti, na hiyo ndiyo huhitaji uvumilivu.

Ngazi kwa ngazi

Si kila wiski ya kimea ina moshi. Glenfiddich na Glenlivet, zinazofahamika sana, kwa kawaida hazina. Anayezinunua akitafuta moshi atakuwa amekosea njia. Vilevile umri mkubwa haumaanishi moshi mwingi, kwani moshi hufifia kadiri wiski inavyokaa ndani ya pipa. Alama za kutafuta kwenye lebo ni neno “peated” au jina la kisiwa cha Islay, chenye wakazi takriban 3,000, ambacho ndicho makao makuu ya wiski za namna hii.

Ngazi ya kwanza si wiski ya kimea ya kiwanda kimoja. Ni Johnnie Walker Black Label, mchanganyiko wa wiski za viwanda mbalimbali wenye moshi wa mbali, na hupatikana katika baa nyingi kubwa. Asiyeupenda moshi wa Black Label hana sababu ya kutumia fedha zaidi.

Ngazi ya pili ni Bowmore ya miaka 12, kutoka kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1779 huko Islay, au Talisker ya miaka 10 kutoka kisiwa cha Skye. Kimea cha Bowmore hupimwa fenoli zipatazo sehemu 25 kwa kila milioni. Moshi wake hukaa pamoja na utamu, wala hauumezi. Talisker ina pilipili kidogo na chumvi ya bahari.

Ngazi ya tatu ni Caol Ila ya miaka 12, ambayo moshi wake ni safi na mwepesi mdomoni. Baada ya hapo ndipo mtu awaendee majirani watatu wa pwani ya kusini ya Islay: Lagavulin ya miaka 16, Laphroaig ya miaka 10 na Ardbeg ya miaka 10. Kimea cha Ardbeg hufikia takriban sehemu 55. Kipimo hicho ni cha kimea, si cha kinywaji kilichomo chupani, kwa kuwa fenoli nyingi hupotea kiwandani. Kitumike kama mwongozo tu.

Namna ya kuonja

Ushauri wa kwanza ni kununua toti moja, si chupa nzima. Isipopatikana kwa toti, marafiki wanne wachangie chupa moja, hasara igawanyike. Tumia glasi iliyobana mdomoni, inusishe kwa mbali, kisha onja kidogo. Ongeza matone machache ya maji, maana hupunguza ukali na kufungua harufu. Barafu huizima harufu, na soda huifunika kabisa. Sato wa kuchoma au sangara wa moshi hukaa nayo vizuri mezani.

Jihadhari na chupa bandia

Kinywaji cha bei kubwa huwavutia wadanganyifu. Pombe iliyotiwa methanoli hupofusha na kuua. Mwezi Mei 2014 makumi ya watu walifariki nchini Kenya kwa pombe ya namna hiyo. Nunua katika duka linalotoa risiti, kagua kizibo kama hakijaguswa, na tazama stempu ya kodi ya kielektroniki ambayo Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ilianza kuitumia Januari 2019. Stempu hiyo huhakikiwa kwa simu kupitia programu ya Hakiki Stempu. Chupa ya Islay inayouzwa kwa bei ya konyagi si bahati, ni onyo.

Chupa halisi ikishafunguliwa isimamishwe wima, mbali na jua, na haina haja ya kumalizwa usiku mmoja. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya. Kwa hiyo asiyekunywa hana sababu ya kuanza, aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuuziwa, na aliyekunywa asishike usukani. Anayekunywa, anywe kidogo na kwa kujua anachokinywa. Wiski ya moshi haikutengenezwa kwa ajili ya mwenye haraka.